Kipiri wa jangwani anaishi wapi? Maswali ambayo watu wa Nairobi huniuliza kuhusu nyoka wa kaskazini

Nilizaliwa Lodwar, nikaja Nairobi kusoma, nikabaki. Tangu hapo kila mtu ninayemjua akipata safari ya kwenda Turkana, Marsabit au Wajir, awe mhandisi wa visima, nesi aliyepewa uhamisho au kijana anayeenda kuoa, hunipigia simu kuuliza habari za nyoka. Maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeyaandika hapa pamoja na majibu. Mengi yanahusu mahali: nyoka huyu yuko wapi, hayuko wapi, na kwa nini. Nimeyapa hayo nafasi kubwa kwa makusudi. Ukishajua uko katika nchi ya nani, nusu ya hofu inaondoka, na nusu inayobaki inakuwa na kazi.

Ni nyoka yupi hasa tunayemzungumzia?

Ni nyoka mdogo wa jamii ya bafe, ambaye wanasayansi humwita Echis pyramidum. Wengi hawazidi nusu mita. Aliyefika sentimita sitini tayari ni mkubwa. Mwili wake ni mwembamba ukilinganisha na bafe, kichwa kipana kilichochongoka kama pea, shingo nyembamba, na macho makubwa yaliyosogea karibu na pua. Rangi yake hufuata ardhi. Kwenye mchanga mwekundu utamkuta mwekundu-kahawia, kwenye mawe ya volkano kijivu. Mgongoni ana mabaka meupe-meupe, na ubavuni mstari wa alama zilizopinda kama miezi michanga iliyopangwa.

Jina la Kiswahili ndilo linalosumbua. Kiswahili kilikulia pwani, na pwani kuna bafe, koboko, swila na chatu, lakini huyu hayuko. Mimi humwita kipiri wa jangwani, kwa sababu piri ni neno letu la zamani la nyoka mfupi mwenye sumu, na huyu ni mdogo. Ukifika kwa Waturkana utasikia emun, lakini hilo ni jina la nyoka yeyote. Kwa Wasomali uliza abeeso, nao watakuelewa haraka.

Anaishi katika nchi zipi?

Chora ukanda unaoanzia Misri, ushuke Sudan, upite Eritrea, Ethiopia, Djibouti na Somalia, uishie kaskazini mwa Kenya. Kisha vuka Bahari ya Shamu, ukamkute tena upande wa pili, Yemen na pembe ya kusini-magharibi ya Saudi Arabia. Jina pyramidum lilitoka hapo juu kabisa: aliyemwandika kwanza kwa sayansi, Mfaransa Isidore Geoffroy Saint-Hilaire, mwaka 1827, alimhusisha na piramidi za Misri. Kwa hiyo nyoka anayelala chini ya jiwe nyuma ya boma la shangazi yangu ana jina la makaburi ya mafarao. Tangu nijue hilo sijaweza kumtazama vilevile.

Jamii nzima ya Echis ni kubwa kuliko huyu mmoja. Ukielekea magharibi, hadi Senegal, utakuta ndugu zake wengine. Ukielekea mashariki, hadi India na Sri Lanka, utakuta wengine tena. Ni nyoka wa ukanda mkavu wa dunia, kutoka Atlantiki hadi Asia Kusini, na Kenya iko kwenye ncha ya kusini ya ukanda huo upande wetu wa Afrika.

Na hapa Kenya, ni kaunti zipi?

Turkana, Baringo, Marsabit, Wajir na Mandera ndizo za kukumbuka. Lakini usidhani wametapakaa sawasawa kama rangi kwenye ramani ya ukutani. Kuna makundi mawili. La magharibi linafuata sakafu ya Bonde la Ufa: Ziwa Baringo, bonde la Kerio, kisha nyanda za Turkana. La mashariki liko ng'ambo ya Ziwa Turkana, kuanzia Marsabit hadi upande wa Wajir na Mandera. Wataalamu waliyatofautisha makundi hayo kwa majina ya nyongeza. La magharibi lilipewa jina leakeyi mwaka 1969, kwa heshima ya Jonathan Leakey, aliyekuwa akifuga nyoka Baringo. La mashariki liliitwa aliaborri mwaka 1974.

Baringo ndiyo huwashangaza watu wa Nairobi, kwa sababu wanapafikiria kuwa karibu. Ni kweli, ni mwendo wa nusu siku kwa gari. Lakini ukitoka Nakuru, ukapita Mogotio na kuanza kuteremka kuelekea Marigat, vua sweta, fungua dirisha, utasikia hewa ikibadilika usoni. Mashamba ya mahindi yanaisha, migunga inafupika, udongo unakuwa mwekundu na wenye mawe. Hapo umeingia nchi yake, na hakuna kibao kitakachokwambia.

Kenya ina jangwa kweli? Mimi nilidhani ni Sahara tu.

Swali hili nalipenda, kwa sababu picha ya jangwa tuliyopewa shuleni ni vilima vya mchanga na ngamia mmoja. Mchanga wa namna hiyo upo, bonde la Suguta kusini mwa Ziwa Turkana lina vilima vyake. Lakini sehemu kubwa ya jangwa letu ni mawe.

Nenda Chalbi, magharibi mwa Marsabit. Ni sakafu ya ziwa la kale lililokauka, tambarare nyeupe ya chumvi na udongo ambayo jua likiwa utosini huonekana kama maji. Toka Marsabit kuelekea Moyale, unapita Dida Galgalu, uwanda wa mawe meusi ya volkano hadi upeo wa macho, na barabara ya lami imekatiza katikati kama mshono. Shuka kusini mwa Marsabit, unakuta Kaisut. Lodwar hupata milimita 200 hivi za mvua kwa mwaka mzima. Nairobi hupata zaidi ya 900. Mvua ya Lodwar inaweza kunyesha mara tatu nne tu na kuacha mwaka uliobaki mtupu.

Sasa, kipiri wa jangwani hapendi kila kipande cha nchi hiyo. Uwanda mtupu wa chumvi haumfai, hauna pa kujificha wala cha kula. Anachotafuta ni ukingo: pale mawe yanapokutana na mchanga, pale vichaka vya mswaki vinapofuata laga, yaani mto mkavu unaotiririka siku chache kwa mwaka, pale mguu wa kilima ulipojaa nyufa. Nyika kavu ya migunga mifupi inamfaa. Mapori ya mawe ya volkano yanamfaa sana, kwa sababu kila jiwe ni nyumba yenye kivuli. Msitu wa ukungu juu ya Mlima Marsabit haumfai, ingawa chini ya mlima huo huo, mwendo mfupi tu, yupo. Ndiyo maana kusema "Marsabit ina nyoka huyu" ni kweli na si kweli, inategemea umesimama wapi.

Mchana yuko wapi?

Chini ya kitu. Jiwe, gogo, rundo la kuni, kichuguu kilichopasuka, tundu la panya, ukuta wa miiba wa boma. Wakati mwingine hujizika kwenye mchanga hadi kikabaki kichwa tu. Mvua ikinyesha hupanda kichakani na kujilaza kwenye matawi ya chini, jambo ambalo watu wengi hawalitarajii, na hapo ndipo mchungaji anayekata tawi la kulishia mbuzi huumwa mkononi badala ya mguuni.

Jua likizama ndipo anapotoka. Saa moja jioni hadi saa nne za usiku ndiyo saa yake ya kazi, na kwa bahati mbaya ndiyo saa ya watu pia: kukama, kurudisha mbuzi zizini, kwenda kujisaidia, kutafuta mtoto wa mbuzi aliyepotea. Kule kwetu jioni ndiyo wakati mtamu wa siku, joto limepoa, watoto wanacheza bila viatu.

Anatembeaje kwenye mchanga?

Kwa ubavu. Anainua sehemu ya mwili na kuitupa kando, kisha nyingine, akiacha mistari mifupi iliyolala mshazari, kama ngazi iliyoanguka. Mwili haugusi mchanga wa moto kwa muda mrefu. Ukiamka asubuhi na kuona alama hizo kando ya hema, kung'uta viatu vyako.

Mbona husikika kama mafuta kikaangoni?

Hatoi sauti hiyo kwa mdomo. Magamba yake yana mgongo katikati, kama paa la nyumba, na yale ya ubavuni yamelala mshazari na yana meno kama msumeno. Akikasirika hujikunja kwa mizingo iliyopakana, kisha mizingo hiyo husuguana ikienda kinyume, moja mbele nyingine nyuma. Inatoka sauti ya maji yaliyodondokea kikaango cha moto. Kichwa kinabaki katikati, tayari.

Nyoka wengi huonya kwa kufoka, na kufoka ni kutoa pumzi yenye unyevu. Mahali ambapo tone la maji ni mali, kuonya kwa kusugua magamba kunamhifadhia maji. Wataalamu wengi hulieleza hivyo, nami naliona ni jambo la kustaajabisha: hata hasira yake imebanwa na ukame.

Nimemwona nyoka anayejikunja na kukwaruza hivyo hivyo hapa Nairobi, kule Rongai. Siye?

Siye. Karibu kila mara anayeonekana huku akifanya hivyo ni nyoka mla mayai, Dasypeltis, na nakuomba sana usimuue. Hana sumu. Meno yake ni madogo mno hayana kazi. Riziki yake ni mayai ya ndege, anayameza mazima, anayavunja kooni kwa mifupa ya uti wa mgongo, kisha anatema ganda. Kwa kuwa hana silaha, amejifunza kuigiza. Anajikunja mizingo ile ile, anasugua magamba yale yale yenye meno, anafungua kinywa cheusi ndani, anarusha kichwa kama anauma. Ni mchezo wa kuigiza mtupu, na umemgharimu maisha mara nyingi kwa sababu anaucheza vizuri kupita kiasi.

Kichwa ndicho kinachomfichua. Cha mla mayai ni kidogo, karibu upana wa shingo. Cha kipiri ni kipana na shingo imebana nyuma yake. Lakini usisogee karibu ili upime. Tazama kwanza uko wapi: Rongai, Kitengela, Karen, Kasarani, si nchi ya kipiri wa jangwani.

Tahadhari moja: kwamba kipiri huyu hayuko Nairobi si kusema Nairobi haina nyoka wa sumu. Bafe yuko kwenye mbuga ya Nairobi na nyanda za Athi, na swila anayetema mate naye yupo. Bafe hufoka kwa nguvu na ni mnene kama mkono wa mtu mzima. Huyo muepuke.

Kwa nini hawezi kuishi Nairobi?

Nairobi iko mita 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Ziwa Turkana liko kwenye mita 360 hivi, Wajir ni chini ya hapo. Huyu ni nyoka wa joto kali la nyanda za chini, la mahali ambapo jiwe likipata jua la mchana bado lina joto usiku wa manane. Julai ya Nairobi, yenye mawingu wiki nzima na usiku wa nyuzi kumi na kitu, ingemlaza. Ongeza mvua za masika na udongo mweusi unaoshika maji. Nchi yake inaishia pale ukame na joto vinapoishia, kama vile mkoko unavyoishia pale maji ya chumvi yanapoishia.

Anaweza kuletwa na lori la mbuzi au gunia la makaa?

Nyoka yeyote anaweza kujificha kwenye mzigo. Malori ya mbuzi hushuka kutoka kaskazini hadi soko la Kiamaiko kila siku, na mabasi ya Wajir na Mandera huja Eastleigh. Kama unafanya kazi ya kupakua, vaa viatu vya kufunika mguu na usiingize mkono gizani chini ya mizigo. Lakini nyoka mmoja aliyepotea njia hajafanya makazi. Hilo ni ajali, na ramani haibadiliki kwa ajili yake.

Nimesikia nyoka wa jangwani ana pembe. Ndiye huyu?

Hapana, watu wanachanganya nyoka watatu. Mwenye pembe wa picha za Sahara, anayejizika mchangani pembe zikibaki nje, ni Cerastes cerastes, naye hayuko Kenya kabisa. Kenya ina wake mwenye pembe, Bitis worthingtoni, mwenye pembe moja juu ya kila jicho. Huyo haishi jangwani. Anaishi kwenye nyanda za juu za Bonde la Ufa, pande za Naivasha, Elementaita na Nakuru, na hakuna nchi nyingine duniani aliko. Kipiri wetu wa jangwani hana pembe yoyote.

Yuko Tsavo? Mombasa? Tanzania?

Hapana, hapana, na hapana. Tsavo ni kavu na inafanana sana na nyika ya kaskazini, ndiyo maana swali hili ni zuri. Lakini hafiki huko. Anayefika ni swila mwekundu, ambaye nchi yake huanzia Pembe ya Afrika hadi kaskazini mwa Tanzania.

Ni wengi kiasi gani?

Mahali pengine ni wachache hata utaishi miaka bila kumwona. Mahali pengine ni wengi kupita fikra. Miaka ya sabini, wakusanyaji waliofanya kazi pande za kilima cha Moille, katika nchi ya Warendile mashariki mwa Ziwa Turkana, walikamata karibu nyoka 7,000 wa aina hii kwa miezi minne. Isome tena namba hiyo. Walikuwa wakigeuza mawe, na kila jiwe lilikuwa na mwenyewe.

Mimi nikiisoma siwafikirii nyoka kwanza. Nawafikiria akina mama waliokuwa wakiokota kuni kwenye mawe hayo hayo miaka yote, kabla hajafika mtu yeyote wa kuhesabu.

Anakula nini katika ukame huo?

Nge, tandu, mijusi, panya, ndege wadogo, vyura mvua ikinyesha, wakati mwingine nyoka wenzake. Nge ni chakula cha maana kwake kiasi kwamba sumu yake imenolewa kwa ajili yao: majaribio yameonyesha kwamba sumu ya Echis wanaokula wadudu huua nge kwa urahisi zaidi kuliko ya wale wasiowala. Hutaga mayai, tofauti na ndugu yake wa India anayezaa watoto hai.

Kwa nini vitabu vya zamani vinamwita Echis carinatus?

Kwa muda mrefu wataalamu waliwaweka karibu wote katika jina moja, wa Kenya na wa India pamoja. Baadaye walipotazama vizuri magamba, uzazi na chembe za urithi, waligundua ni aina mbalimbali. Carinatus limebaki jina la wale wa Asia. Wetu ni pyramidum. Wa Afrika Magharibi, kama Nigeria na Ghana, ni wengine.

Unaweza kusema majina ni mambo ya wasomi. Sivyo. Dawa ya kuzuia sumu hutengenezwa kwa sumu ya nyoka fulani, na iliyotengenezwa kwa Echis wa India imeshindwa vibaya kuwatibu walioumwa na Echis wa Afrika. Ghana na Chad zililijua hilo kwa gharama ya maisha ya watu. Jina kwenye chupa lilikuwa "Echis", na kila mtu aliyelisoma aliona linatosha. Kwa hiyo kama una sauti yoyote katika ununuzi wa dawa wa kaunti, hata kama wewe ni karani tu, uliza: hii imetengenezwa kwa sumu ya nyoka wa wapi?

Naenda kaskazini kikazi mwezi ujao. Nifanye nini?

Tochi. Kama huna nafasi ya kitu kingine mkobani, beba tochi. Wanaoumwa wengi huumwa kwenye mguu, jioni au usiku, wakiwa wamevaa kandambili au akala, au bila kiatu. Buti za kufunika kifundo na mwanga mbele ya hatua yako vinakuondoa kwenye hatari kubwa.

Usilale chini bila chandarua kilichobanwa chini ya godoro. Usigeuze jiwe kwa vidole, tumia fimbo. Kuni ziokote mchana. Na kabla hujaanza kazi, uliza ni hospitali gani ya karibu yenye dawa ya kuzuia sumu kwa sasa, si iliyokuwa nayo mwaka jana, na ni saa ngapi kwa gari kutoka kambini. Wenyeji watakucheka kidogo ukiuliza. Uliza tu.

Akiniuma, kitatokea nini?

Maumivu na uvimbe huja mapema. Baya zaidi huja polepole. Sumu yake inalazimisha damu igande ovyo ndani ya mishipa hadi vitu vya kuigandisha vinaisha, na baada ya hapo damu haigandi tena. Mtu huanza kuvuja kwenye fizi, kwenye kidonda cha zamani, kwenye mkojo, na akikosa tiba, ndani ya kichwa.

Mjomba wangu aliumwa kifundoni upande wa Lokichar. Alikaa siku nzima na jiwe jeusi, lile linaloaminiwa kunyonya sumu, limefungwa juu ya jeraha. Uvimbe ukapungua kidogo, zahanati aliyopitia ikamwambia arudi nyumbani. Usiku ule mto wake ulilowa damu ya fizi. Alifikishwa hospitali kwa pikipiki alfajiri, akapewa dawa iliyofaa, akapona, na leo bado anachunga. Lakini ninajua jinsi alivyokuwa karibu, na ndiyo sababu ninasema kwa sauti: uvimbe kupungua si dalili kwamba sumu imeisha.

Kwa hiyo: mtulize, asitembee, ufunge mguu kwa banzi kama umevunjika ili usisogee. Vua pete, bangili, shanga na viatu kabla uvimbe haujabana. Usikate, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza, usimpige umeme wa pikipiki, usipoteze muda na jiwe jeusi. Kwa maumivu mpe paracetamol; aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huongeza kuvuja damu. Asidungwe sindano za msuli. Kisha pikipiki, gari, chochote, hadi hospitali.

Hospitali ndogo isiyo na maabara itajuaje?

Kwa kipimo rahisi ambacho kila nesi wa kaskazini anastahili kukijua. Chukua mililita mbili za damu ya mgonjwa, zitie kwenye kichupa cha kioo kisafi na kikavu, kiache bila kukigusa kwa dakika 20, kisha kiinamishe mara moja. Damu ikimwagika kama maji, haigandi, na katika nchi ya kipiri wa jangwani hiyo ni ishara kubwa kwamba ni yeye. Lazima kiwe cha kioo, kwa kuwa plastiki hudanganya. Na kama damu imeganda, rudia baada ya saa kadhaa, umlaze mgonjwa angalau siku moja chini ya uangalizi.

Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa ya nchi za joto mwaka 2017, na kadirio lake ni vifo kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani. Hapa Nairobi, kwenye taasisi ya utafiti wa nyani kule Karen, kuna kituo cha utafiti wa sumu ya nyoka kinachofanya kazi juu ya nyoka wetu wenyewe. Hilo linanipa moyo kuliko jambo lingine lolote.

Nikimkuta, nimuue?

Rudi nyuma hatua tatu. Hana mbio za kukufuata. Wengi huumwa wakijaribu kumuua. Akiwa ndani ya nyumba, mfunike kwa ndoo kutoka mbali ukiweza, uite watu wa KWS, shirika la wanyamapori, au mwenye uzoefu.

Binti yangu wa darasa la tano amesoma haya yote, anataka kuona nyoka. Nimpeleke wapi?

Mpeleke bustani ya nyoka ya Makumbusho ya Kitaifa, pale Museum Hill. Imekuwepo tangu 1961. Mwonyeshe bafe, mwambie atazame kichwa kipana na shingo iliyobana. Kisha mkiwa mnatoka mtafutieni ramani ya Kenya, aweke kidole Nairobi, akipandishe Nakuru, akiteremshe Marigat, akipeleke Lodwar, avuke ziwa hadi Moille. Mwulize ni wapi kidole kilipoanza kuhisi joto. Binti wa dada yangu alinijibu, "Mogotio, Mjomba," na alikuwa sahihi.